Programa ya mkononi: kupakia programu kwenye chipu bila kompyuta

Ndani ya mashine ya kufulia, rimoti ya geti au kidhibiti cha pampu ya sola kuna chipu iitwayo maikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja: ina sehemu ya kuchakata, ina kumbukumbu, na ina pini za kupokea na kutoa ishara. Mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa tupu, haijui kama itafungua geti au itahesabu maji. Kifaa kinachoipakia programu huitwa programa.

Programa ya kawaida hukaa katikati, upande mmoja kompyuta na upande wa pili bodi yenye chipu. Ya mkononi ina kumbukumbu yake yenyewe. Unaipa nakala ya programu ukiwa mezani, unaondoka nayo, na kule uendako hubebi kompyuta.

Chukua PICkit 3 ya Microchip, kampuni ya Chandler, Arizona. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 512, na uwezo wake wa kufanya kazi peke yake huitwa Programmer-To-Go. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana chipu maarufu kama PIC16F628A hubeba maneno 2,048 tu ya programu, kila neno biti 14.

Kazi karibu yote iko kwenye maandalizi. Kule nje kifaa hakiulizi swali lolote, kwa hiyo kila uamuzi lazima ufanywe kabla. Kwanza ni aina ya chipu. Usiishie kwenye “PIC16”, andika jina kamili na herufi ya mwisho, kwani 16F628 na 16F628A ni chipu mbili tofauti. Pili ni faili la HEX, yaani programu ikiwa tayari kupakiwa kwenye chipu, ambalo mistari yake huanza na nukta mbili na kila mmoja huishia na namba ya kuhakiki. Humo ndani, mbali na programu yenyewe, kuna biti za usanidi zinazoamua saa ya chipu, yaani mapigo yanayoongoza kasi yake, itatoka wapi na kama kumbukumbu itafungwa isisomwe. Ukikosea hapo, upakiaji utafaulu vizuri kabisa na bodi itabaki kimya.

Tatu ni umeme. Je, bodi ina umeme wake, au programa ndiyo itakayoilisha? PICkit 3 hutoa takriban miliampia 30 tu, zinazotosha chipu na taa ndogo mbili tatu. Bodi yenye rilei au mota iwashe kwa umeme wake, na kwenye mipangilio uzime ule wa programa.

Ukimaliza hayo, kwenye MPLAB X, programu ya kompyuta ya Microchip, katika toleo linaloikubali PICkit 3, unachagua Programmer-To-Go chini ya kitufe cha kupakia, nakala inaingia kwenye kifaa, unachomoa kebo. Kuanzia hapo pawabenki au chaja ya simu yenye USB inatosha kukiwasha.

Kichwa cha programa kina matundu sita, na pembetatu iliyochorwa pembeni inaonyesha la kwanza. Hilo huenda kwenye pini ya MCLR, inayopokea volti ya juu ya kuiamsha chipu ipokee programu. La pili ni umeme, la tatu ni grandi, la nne ni data, la tano ni saa. La sita kwa chipu nyingi huachwa wazi. Mafundi wengi hukwama hapa si kwa kukosea mpangilio, ila kwa vitu vilivyounganishwa kwenye nyaya hizohizo. MCLR inataka rezista ya kiloomu 4.7 hadi 10 kwenda kwenye umeme, bila kapasita. Nyaya za data na saa hazitaki kapasita wala rezista ya kuzivuta juu, kwa sababu zinaharibu ishara zinazopita kwa kasi.

Kubonyeza kitufe ndiyo sehemu nyepesi. Taa ya Active ikipepesa, kifaa kiko tayari, bonyeza, subiri. Mambo yakienda kombo, taa ndizo mdomo wake. Kwenye PICkit 2, iliyotangulia hii, taa ya Busy ikipepesa mara mbilimbili ujue chipu iliyopo siyo uliyoitaja, na ikipepesa mara tatutatu ujue kilichoandikwa hakilingani na nakala.

Kabla ya kubonyeza kwenye mashine inayotumika tayari, fikiria EEPROM, yaani sehemu inayotunza mipangilio na hesabu hata umeme ukikatika. Upakiaji unaweza kuifuta. Mita iliyohesabu mwaka mzima ikarudi sifuri mbele ya mwenye mita ni kesi nyingine kabisa.

Kuna na suala la wizi. Biti ya kufunga kumbukumbu humzuia mtu kuisoma chipu, lakini haimzuii aliyeokota programa yako kubonyeza kitufe na kujaza chipu zake za aina ileile. PICkit 4 iliyotoka 2018 huweka nakala kwenye kadi ya microSD, kwa hiyo angalau kadi unaweza kuichomoa ukatembea nayo mwenyewe. Kwa PICkit 3, ifute nakala ukirudi mezani.