Arusha hadi Dar kwa ndege: umbali na saa vinavyokosewa

Dhana: Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600, na ndege nayo huzikata zote.

Ukweli: Hizo ni kilomita za lami. Barabara hupita Moshi, Same, Mombo, Korogwe na Segera ikiambaa na milima ya Upare na Usambara, halafu hushuka hadi Chalinze, takriban kilomita 100 magharibi mwa Dar, ndipo ikunje kuelekea pwani. Ndege haina shida na Chalinze. Kutoka KIA, yaani uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, hadi uwanja wa Julius Nyerere wa Dar, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 450. Ukigawa kilomita za basi kwa kasi ya ndege, jibu halitakuwa la basi wala la ndege.

Dhana: Ndege inakwenda kilomita 660 kwa saa, kwa hiyo dakika 40 tu umefika.

Ukweli: Kasi hiyo, kwa ndege ya pangaboi aina ya Q400, ni ya angani ikishatulia. Mwanzoni inapanda, mwishoni inapunguza mwendo na kusubiri zamu ya kutua. Isitoshe, muda wa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama upande wa pili. Ndiyo maana ratiba husema saa moja na robo hivi, ingawa hewani mnaweza kukaa chini ya saa nzima.

Dhana: Tiketi ya Arusha ni tiketi ya KIA.

Ukweli: Hapa watu hukosa ndege kweli kweli. Angalia herufi tatu za uwanja kwenye tiketi. ARK ni uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, kilomita chache tu magharibi mwa jiji. JRO ni KIA, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro: karibu kilomita 50 kutoka Arusha na 40 kutoka Moshi. Ukikosea uwanja, itabidi ulikatize jiji zima, na foleni haijui una safari. Kisongo pia hutumiwa sana na ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazokwenda kilomita 340 hivi kwa saa, na nyingine hutua Zanzibar kwanza. Mzigo nao hubanwa: mara nyingi kilo 15 hadi 20, begi laini.

Dhana: Ndege ya Jumatano saa 00:30 ni ya Jumatano usiku.

Ukweli: Ni saa sita na nusu usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Uwe KIA Jumanne jioni.

Dhana: Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, utapata muda wa safari.

Ukweli: Ni sawa kwa Dar, hata kwa Doha, maana saa zao ni zetu. Dubai wametutangulia saa moja. Amsterdam wako nyuma yetu, saa moja kipindi chao cha joto na mbili kipindi cha baridi.

Dhana: Basi saa kumi, ndege saa moja, kwa hiyo unaokoa tisa.

Ukweli: Hesabu kuanzia mlangoni. Arusha hadi KIA, saa moja. Kuwahi kaunta, saa mbili. Ndege, saa moja na robo. Mizigo na foleni ya Dar, saa moja au zaidi. Jumla ni saa tano na ushee. Unaokoa nne au tano. Wa Moshi pungufu kidogo, kwa sababu safari yake ya basi ni fupi zaidi kwa kilomita kama 80.