"Umeunguza gasketi": fundi anamaanisha nini?

Gari likichemsha njiani na kufika gereji limevutwa kwa kamba, hukumu huwa moja: "Umeunguza gasketi." Mwenye gari hutoka hapo akidhani kuna kitu kimeshika moto ndani ya injini. Wengine hununua gasketi mpya, wanaifunga, na baada ya wiki tatu wanarudi na tatizo lilelile. Ndiyo maana naona neno hili linastahili kuelezwa vizuri.

Injini imegawanyika mara mbili. Chini kuna bloki yenye silinda, yaani matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake imefungwa silinda hedi, yenye valvu na plagi. Katikati imelala gasketi, bapa lenye unene wa milimita moja hivi, lililotobolewa matundu ya silinda, ya maji na ya oili. Kazi yake ni kuhakikisha moto, maji na oili vinapita jirani bila kukutana. Gasketi "ikiungua" maana yake kizuizi hicho kimevunjika mahali fulani: presha ya silinda inaingia kwenye maji, au maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili, au silinda mbili zinapumuliana.

Tuchukue Datsun 240Z, gari la michezo lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Afrika Mashariki inalifahamu vema. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Injini yake, L24, ina silinda sita kwa mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4. Bloki ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini. Hapo ndipo penye kiini cha matatizo, kwa sababu alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila safari hedi inateleza kidogo sana juu ya bloki kisha inarudi, na gasketi inavumilia miaka mingi. Lakini injini ikichemsha kupita kiasi, hedi inapinda. Boliti haziwezi tena kuibana sawasawa, presha inapata upenyo, na gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2000 inachonga njia yake. Alama nyeusi utakayoiona kati ya silinda mbili ndiyo njia hiyo.

Dalili zake zinajulikana. Maji yanapungua na chini hakuna tone. Unafungua rejeta injini ikiwa ya baridi, unawasha, mapovu yanapanda mfululizo. Moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi hata mchana wa jua kali. Ukichomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Lakini usifungue injini kwa dalili moja tu. Pima kwanza presha ya kila silinda. Zikiwa mbili zilizo jirani ndizo zilizoshuka, una jibu.

Kwenye 240Z, hatari kubwa wakati wa kufungua iko kwenye cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, iko juu ya hedi, na cheni yake inashuka hadi chini mbele ya injini, ikikazwa na kifaa chenye springi. Ukichomoa gia ya kamshafti bila maandalizi, kifaa hicho kinafyatuka, na kukirudisha ni lazima ufungue kava la mbele lote. Mafundi wanaozijua injini hizi huchonga kabari ya mbao ndefu na kuishindilia katikati ya cheni kabla ya kugusa gia. Pia hutia alama ya rangi kwenye cheni na kwenye gia. Boliti za hedi ni 14, ndefu na fupi, kwa hiyo zipange kwa nafasi zake. Kuna pia boliti ndogo mbele, zinazoshika hedi na kava la cheni. Ukizisahau ukaanza kunyanyua kwa nguvu, utavunja alumini.

Mabaki ya gasketi ya zamani yaloweshe kabla ya kukwangua, maana nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto na vumbi lake huharibu mapafu.

Sasa weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Ya milimita 0.1 ikipita, hedi imepinda na lazima isawazishwe kwa mashine. Kuirudisha hivyo hivyo, ukitegemea gamu iliyopakwa pande zote, ni kupoteza pesa. Ila kusaga nako kuna gharama yake: hedi inapungua kimo, kamshafti inasogea chini, cheni inalegea na taimingi inachelewa. Kwa hiyo vipande vya kunyanyulia huwekwa chini ya nguzo za kamshafti, na gia yenyewe ina matundu matatu ya kurekebishia.

Wakati wa kufunga, kausha mashimo ya boliti kwenye bloki. Maji au oili iliyobaki humo haina pa kwenda, na boliti ikishuka inaweza kupasua bloki. Kaza kuanzia katikati ukielekea nje, kwa hatua, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukazia, na vipimo vya kitabu cha gari hilo.

Kabla ya kuwasha, tafuta kilichochemsha injini. Rejeta imeziba? Wota pampu inavuja? Themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, ilichomolewa zamani, na tangu hapo injini imekuwa ikijazwa maji ya bomba yanayokula alumini? Gasketi mpya ikikutana na chanzo kilekile haitadumu. Rudisha themostati, jaza kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), acha injini iungurume hadi hewa itoke yote kwenye rejeta, kisha iache ipoe kabisa na upime tena usawa wa maji.