Vyuma havimfanyi mwendesha baiskeli kuwa mzito: dhana potofu na ukweli

Kijana anayetaka kushindana kwa baiskeli hupewa ushauri mmoja karibu kila anapouliza: ongeza kilomita, jimu waachie wanaotaka kujaza kifua. Kilomita ni lazima, hilo halina ubishi. Lakini kuacha vyuma kabisa kunawagharimu watu mwishoni mwa mbio, pale mshindi anapopatikana.

"Beba vyepesi, rudia mara nyingi, ndivyo baiskeli ilivyo"

Dhana hii ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi zaidi. Mtu anaingia jimu, anabeba kilo 20 mabegani, anachuchumaa mara 40, mapaja yanawaka, anatoka akiamini amefanya kazi ya baiskeli. Ni kweli amefanya kazi ya kustahimili, ila kazi hiyo anaipata tayari barabarani, tena bora kuliko jimu.

Piga hesabu. Mwendeshaji anayetoa wati 250 huku akizungusha pedali mara 90 kwa dakika, akiwa na mkono wa pedali wa milimita 172.5, anasukuma kwa wastani wa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 16 hivi. Hata mguu unapokandamiza kwa nguvu zaidi, haizidi sana maradufu ya hapo. Kinachomchosha si uzito wa msukumo mmoja, ni kuurudia mara 5,400 kwa saa. Mguu wenye uwezo mkubwa hutumia sehemu ndogo zaidi ya uwezo wake katika kila msukumo. Nyuzi za misuli zinazostahimili hubeba kazi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuziita zile za haraka zinazochoka upesi. Uwezo huo wa juu haukui kwa kilo 20. Unakua kwa mzigo unaoweza kuunyanyua mara 4 hadi 10 tu, basi.

Mtafiti wa Norwei, Bent Rønnestad, na wenzake walilijaribu jambo hili kwa waendeshaji waliokwisha kuiva. Kwa wiki 12, kundi moja liliongeza vyuma vizito mara mbili kwa wiki juu ya mazoezi ya barabarani. Kundi jingine liliendelea na baiskeli pekee. Kisha wote waliendesha dakika 185 kwa mwendo wa wastani, na hapohapo wakatakiwa kutoa kila walichobakiza kwa dakika 5. Waliobeba vyuma waliongeza wati zao za dakika hizo 5 kwa karibu asilimia 7. Wengine hawakusogea. Faida ilionekana baada ya saa tatu, miguu ikiwa imeshachoka, na ndiyo maana mtu anayejipima kwa dakika 20 tu akiwa mbichi anaweza kusema vyuma havina maana.

"Utanenepa misuli, mlimani utabaki nyuma"

Hofu hii inaeleweka. Ukiwa na baiskeli na vyote ulivyobeba una kilo 75, kila kilo inayoongezeka inadai takriban asilimia 1.3 zaidi ya nguvu kwenye mwinuko mkali. Ila mtu anayeendesha saa 10 au 15 kwa wiki hajengi mwili kama mnyanyua vyuma, kwa sababu mazoezi marefu ya kustahimili yanapunguza ukuaji wa misuli. Katika jaribio hilo la Norwei uzito wa mwili haukupanda. Denmark nako, vijana wa timu ya taifa walifanya vyuma vizito kwa wiki 16. Uwezo wao katika jaribio la dakika 45 za kasi uliongezeka kwa karibu asilimia 8, na nyuzi zao za haraka zikabadilika kuelekea aina inayostahimili zaidi.

Anayenenepa kwa kawaida ni yule aliyepunguza kilomita na kuongeza sahani za vyuma.

"Gia nzito mlimani inatosha kuwa vyuma"

Kwa wati zilezile 250, ukishuka hadi mizunguko 50 kwa dakika, wastani wa msukumo unapanda hadi kilo 28. Ni zoezi zuri la kuzoea vilima, na anayejiandaa kwa mwinuko wa mawe wa Kimihurura pale Kigali analihitaji. Bado haufiki kwenye mzigo unaoshindwa kuurudia mara ya saba, na goti linabeba shinikizo hilo mamia ya mara bila kupumzika.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Mazoezi manne yanatosha. Kuchuchumaa na chuma mabegani hadi goti lifike nyuzi 90. Kusukuma kwa mguu mmoja kwenye mashine. Kama haipo, weka mguu wa nyuma juu ya benchi, shika dambeli, uchuchumae kwa mguu wa mbele. Kuinua goti kuelekea kifuani, kifundo cha mguu kikivutwa na kebo au tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo. La mwisho ni kunyanyua visigino kwa ajili ya vigimbi.

Wiki mbili za kwanza ni za kujifunza tu: mzigo mwepesi, mwendo safi. Kisha wiki tatu kwa mzigo unaoumudu mara 10, wiki tatu kwa unaoumudu mara 8, zinazobaki hadi miezi mitatu itimie kwa mara 4 hadi 6. Seti tatu kila zoezi, mapumziko ya dakika 2 hadi 3 katikati. Watu hukata mapumziko ili watoke jasho, na seti ya tatu inakuwa dhaifu. Shuka taratibu kwa sekunde 2 au 3, panda kwa haraka kadiri unavyoweza.

Makosa yanayoumiza ni yaleyale. Magoti kuingia ndani wakati wa kupanda: punguza mzigo, sukuma magoti yafuate vidole. Visigino kunyanyuka: vifundo vimekaza, panua miguu kidogo. Mgongo kupinda: seti imekwisha, hata kama ulikusudia kurudia mara mbili zaidi. Na wanaotumia vyuma vya kujitengenezea, bomba lenye makopo ya saruji ncha zote mbili, wapime kila kopo kwenye mizani. Tofauti ya kilo 3 kati ya kulia na kushoto inasokota kiuno katika kila mrudio, na haionekani kwa macho.

"Miguu inakuwa mizito, kwa hiyo inaniharibia baiskeli"

Maumivu yanayokuja siku moja au mbili baada ya vyuma ni makali wiki za mwanzo, kisha yanapungua sana misuli ikizoea. Yakiendelea, angalia ratiba. Weka vyuma siku ileile ya mazoezi magumu ya baiskeli, baiskeli asubuhi, vyuma jioni, angalau saa 6 katikati, na kesho yake uendeshe polepole. Anayeweka vyuma Jumatatu na kasi Jumanne anaharibu vyote viwili.

"Vyuma vinaweza kuchukua nafasi ya barabara"

Hapana. Haviongezi kiwango cha juu cha oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia. Anayeendesha mara mbili kwa wiki aanze kwa kuongeza siku ya tatu ya baiskeli.

Wenye miaka zaidi ya 40 wana sababu ya ziada: misuli hupungua kwa umri, na baiskeli, kwa kuwa miguu haigongi ardhi kama katika mbio za miguu, haiimarishi mifupa ya uti wa mgongo. Mzigo mabegani unaiimarisha.

"Msimu ukianza, achana na jimu"

Ukiacha kabisa, nguvu uliyoijenga miezi mitatu inaanza kuyeyuka ndani ya wiki chache, na unaikosa katika mbio zile ulizoijengea. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kuitunza: mazoezi yaleyale, seti moja au mbili, mzigo ubaki mzito. Watu hupunguza uzito wa vyuma na kubakiza seti zote; fanya kinyume. Wiki ya mashindano, kipindi hicho kiwe siku 4 au 5 kabla, mbio zikiwa Jumapili basi Jumanne au Jumatano, na usijaribu zoezi lolote jipya.