Kwa nini jini wa kitabu cha nne hatutishi

Mfululizo wa riwaya za majini wa mjini ukianza kuchosha, wasomaji husema tu utamu umeisha. Kazi yangu ni kuhariri hadithi za namna hii, na kosa mimi hulikuta mahali pamoja karibu kila mara: bei, yaani kile mhusika anachokitoa ili nguvu za ajabu zitumike. Kitabu cha kwanza kila kitu kinalipiwa. Kufika cha tatu, mambo ni bure.

Chukua jini anayetoka baharini hapa Mombasa kwa maji ya bamvua peke yake. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na siku hizo ndipo shujaa anapopumua: atafute ubani, amwone fundi wa uganga, amhamishe nduguye. Msomaji anahesabu siku pamoja naye, na kule kuhesabu ndiko kunakomtia baridi. Halafu mwandishi anataka vita upesi, jini anazuka Kongowea saa sita mchana, mwezi una siku nane. Hakuna anayeshangaa humo kitabuni. Baada ya hapo nani atatazama mwezi tena?

Uganga nao vilevile. Kwa desturi ya pwani pepo hapungwi hivihivi: kwanza ajitaje jina, aseme anachotaka, ndipo yaje mapatano, na mzigo unabaki kwa kiti wake, yule mtu aliyepandwa na pepo. Kombe lina kazi: aya ziandikwe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zioshwe, mgonjwa anywe. Shujaa akishapewa neno moja la kumuunguza jini papo hapo, utamnyang'anyaje?

Wengi hutibu kwa kuongeza ukubwa. Jini, kisha mfalme wa majini, kisha mfalme wa hao wafalme. Ukishafika huko umebakiwa na mbingu, na mbinguni hawahitaji mhariri.

Pima hivi. Shika daftari, kila nguvu zinapotumika andika ukurasa na kilicholipwa: usingizi, pesa, udugu, kiungo cha mwili. Vifo vya watu tusiowajua usivihesabu. Ukikuta mara tatu mfululizo hapakulipwa kitu, hapo ndipo wasomaji walipoanza kuteleza, hata kama walikifunga kitabu sura kumi baadaye. Angalia pia safari: shujaa aliyekuwa akibanwa na umati wa kivuko cha Likoni, jini yuko nyuma yake, sasa anaruka tu hadi ng'ambo. Mombasa imebaki jina.

Kitabu kilichokwisha kuchapishwa hakifutiki, lakini kosa linaweza kugeuzwa siri. Nani alimfungulia jini mlango siku ya maji mafu? Awe mtu wa nyumbani, na awe alilipwa. Msomaji ukiwa umeshachoka, soma sura mbili za kitabu kinachofuata. Ikiwa hakuna anayedaiwa kitu, kirudishe rafuni.