Je, wajua kwa nini fisi wa hadithi hufundisha sarufi kabla ya maadili?

Fisi alifika njia panda, harufu ya nyama ikamjia kutoka pande zote mbili. Akapeleka miguu ya kulia huku, ya kushoto kule, akapasuka katikati. Ndiyo maana husemwa njia mbili zilimshinda fisi.

Kwa miaka mingi niliamini faida ya hadithi hii imo katika sentensi ya mwisho: "Inatufunza kuwa tamaa ni mbaya." Nilipokuwa nikifundisha Nakuru, wanafunzi wangu waliinakili daftarini na kuikariri. Nilikosea. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana vitu. Wengine walisomewa yenye wanyama, wengine yenye watu. Waliosomewa ya watu wakawa wakarimu zaidi kwa stika zao. Ya wanyama haikuongeza ukarimu. Hao, hata hivyo, walisomewa kitabu mara moja tu. Siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto wa Kijaluo walisimuliwa usiku baada ya usiku, ilikuwa malezi ya miaka. Lakini sentensi moja ya mwisho haiwezi mzigo niliokuwa nikiitwika.

Lugha ndiyo huingia mapema. Mtoto wa Kaptembwa, mtaa wa Nakuru, husema "fisi imekuja", kwani Kiswahili cha mtaani humpa fisi upatanisho wa I-ZI, ngeli ya vitu kama nyumba. Sanifu humweka katika A-WA pamoja na viumbe wengine: fisi amekuja. Msahihishe leo, kesho atarudia. Sasa msimulie, na kila fisi anaposimama umwachie kiitikio: "Akanusa kulia, akanusa kushoto."

Mtazame mtoto anayetaka kuruka kamba. Husimama kando kamba ikizunguka, kichwa kikifuata mdundo, mguu mmoja mbele. Hakuna anayemweleza urefu wa kamba wala kasi yake. Mara anaingia, na mwili unajua. Kiitikio huzunguka vivyo hivyo: mara ya kwanza mtoto anasikiliza, ya pili midomo inacheza, ya tatu anadakia. A- ya fisi na -ka- ya masimulizi zimeshaingia, na neno ngeli halijatajwa.

Wiki moja baada ya hadithi hiyo, msichana wa safu ya nyuma alichungulia dirishani, akanyosha mkono: "Mwalimu, mbwa amekuja! Akanusa mlango, akanusa viatu, akaenda."