33,550,336: namba timilifu ya tano

Kwa karne nyingi wanahisabati walizijua namba timilifu nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Namba huitwa timilifu pale vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinapojumlishwa na kuirudisha ileile, kama 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Nicomachus, mwanahisabati Mgiriki aliyeandika mnamo mwaka 100 BK, aliona kuna moja katika mamoja, moja katika makumi, moja katika mamia na moja katika maelfu, na kwamba 6 na 8 hupokezana mwishoni. Wengi waliomfuata wakaamini ya tano ingekuwa na tarakimu tano. Haipo. Wala hakuna yenye tarakimu sita au saba. Ya tano ni 33,550,336, na ya sita, 8,589,869,056, nayo inaishia na 6, kwa hiyo hata kule kupokezana kunavunjika.

Sababu ya pengo hilo ndiyo inayonivutia zaidi. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba 2ᵖ − 1 ikiwa namba tasa, basi ukiizidisha kwa 2ᵖ⁻¹ unapata namba timilifu. Vipeo (yaani p) 2, 3, 5 na 7 vinatoa zile nne za kwanza. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, kwa hiyo kinachofuata ni 11, nacho kinatuangusha: 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Inabidi tuende hadi 13, ambako 2¹³ − 1 = 8,191.

Je, 8,191 ni tasa kweli? Kalamu na karatasi zinatosha. Kigawo tasa chochote cha 2¹³ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 26. Kipeuo cha pili cha 8,191 ni 90 na kitu, kwa hiyo tunatafuta chini ya 91 tu: 27, 53 na 79. Ya 27 si tasa, tunaiacha. Kwa 53 inabaki 29. Kwa 79 inabaki 54. Kazi imekwisha, ni tasa.

Sasa tujumlishe. 33,550,336 ni 2¹² × 8,191, na ina vigawo 26. Kumi na vitatu ni 1, 2, 4 hadi 4,096, na jumla yao ni 8,191 kamili. Vilivyobaki ni hivyohivyo vikizidishwa kwa 8,191. Ukiitoa namba yenyewe, jumla yao ni 8,191 × 4,095. Ongeza ile 8,191 ya kwanza, unapata 8,191 × 4,096. Tumerudi palepale, na kilichotufikisha ni utasa wa 8,191: ingekuwa na vigawo vingine, jumla ingezidi.

33,550,336 pia ni namba ya pembetatu, yaani ni jumla ya 1 + 2 + 3 hadi 8,191. Kwa tarakimu 0 na 1 pekee, kama zinavyotumika kwenye kompyuta, inaandikwa kwa 1 kumi na tatu zikifuatwa na 0 kumi na mbili.

Sifa yake ninayoipenda kuliko zote ni hii: ni jumla ya vipeo vya tatu vya namba witiri 64 za mwanzo, 1³ + 3³ + 5³ hadi 127³. Vivyo hivyo 28 ni 1³ + 3³, na 496 ni 1³ + 3³ + 5³ + 7³. Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, alionyesha kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa hutokana na kanuni ya Euclid, kwa hiyo zote zina sifa hii isipokuwa 6, kwa kuwa kipeo chake ni 2, na hapa p lazima iwe witiri.