Tumbo likinyamaza

Msimu wa kusi uliopita, saa kumi jioni hivi, boti ilifunga gatini na kijana wa miaka 23 amelazwa juu ya godoro, shuka lote limelowa maji ya bahari. Wanatoka upande wa kisiwa cha Pate, huku Lamu, na wale mnaoijua ile njia wakati wa kusi mnaelewa mgonjwa wa tumbo anavyorushwa kila wimbi. Mamake alinishika mkono akanambia, "Daktari, leo hajambo. Jana usiku yale maumivu yalimwacha ghafla tu, tukamshukuru Mungu tukalala. Tumekuja manake hali kitu."

Nikamshika vidole vya miguu. Baridi, na vimelowa jasho. Nikahesabu pumzi dakika nzima, 34. Mapigo 138, presha 84 kwa 50, joto 35.7. Homa hana kabisa. Akili zake bado ziko sawa, ananiomba maji ya kunywa, tena ananiita daktari kwa adabu, na mimi moyoni najua huyu ndo mgonjwa wa hatari kuliko wote walioko wodini siku hiyo.

Ile kauli ya mama nimeisikia mara nyingi sana, kutoka kwa watu wenye akili zao timamu na wanaowapenda wagonjwa wao, na ndio maana naandika hapa. Tumbo kutulia ghafla bila matibabu, baada ya siku mbili za maumivu makali, sa ingine ni kidole tumbo kimepasuka. Kile kidole kikiwa kimejaa usaha kinavuta kama jipu, kikipasuka mvuto unaisha, mtu anapata nafuu ya saa kadhaa. Alafu usaha unaanza kutembea.

Tuanze na mahali penyewe. Ndani ya tumbo kuna bitana, kama bitana ya koti, utando mwembamba unaong'aa unaofunika ukuta wa tumbo na kuzunguka matumbo, ini na vinginevyo. Tunauita peritoniamu. Ukiutandaza wote unafika kama mita 1.7 za mraba, karibu sawa na ngozi yako yote ya nje. Siku za kawaida kuna maji kidogo tu humo, vijiko vichache, ya kulainisha matumbo yasikwaruzane, na ndani ya hayo maji kuna seli za kinga zinazunguka kila saa. Kila unapovuta pumzi yale maji yanapanda juu mpaka chini ya kiwambo cha pumzi, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huko kuna vitundu vidogo sana vinavyoyafyonza kuyapeleka kwenye mishipa ya limfu mpaka kwenye damu. Huo ni usafi mzuri sana, lakini ndio njia hiyo hiyo bakteria wakimwagika tumboni wanaweza kuingia kwenye damu kwa dakika chache.

Kazi ya hizo seli tuliijua kupitia mnyama ambaye mtoto yeyote wa Shela amewahi kumwokota ufukweni, kiti cha pweza. Mwaka 1882 Ilya Mechnikov, mwanasayansi wa Urusi, akiwa Messina kule Sicily, alichukua vitoto vya kiti cha pweza ambavyo miili yao unaona mpaka ndani, akavichoma na miba ya waridi, akangoja usiku kucha. Asubuhi akakuta miba imezungukwa na seli zilizotembea zenyewe kuja pale. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kinga, pamoja na Paul Ehrlich. Mimi kila nikifungua tumbo lenye usaha naona mambo yale yale ya mwiba na seli, ila kwa ukubwa wa binadamu.

Seli za kwanza kushtuka ni makrofeji, wanakaa pale pale kwenye bitana. Wanamtambua vipi adui? Bakteria wengi wa utumboni, kama E. coli, wana ganda la nje lenye mafuta na sukari za aina yake, na makrofeji ana kipokezi kinacholishika ganda hilo, kinaitwa TLR4. Bruce Beutler, mtafiti wa Marekani, na wenzake walikitambua mwaka 1998, na Nobel ikamfikia 2011. Likishikwa tu lile ganda, makrofeji anamwaga saitokaini, yaani ujumbe wa kemikali, TNF, IL-1, IL-6, na mishipa ya damu ya hapo inapanuka na kuachia nafasi, na nyutrofili, wale askari wa miguu, wanatoka kwenye damu kwa mamilioni kuja kumeza na kufa. Usaha ni maiti zao kwa sehemu kubwa. Hiyo vurugu yote ya joto, wekundu, uvimbe na maumivu ndiyo tunaita inflamesheni, vitabuni utaona mchochota, na ikibaki pale pale ilipoanzia ni kitu kizuri, nisieleweke vibaya. Bila hiyo tungekufa kwa kidonda cha mwiba.

Kuna kitu kimoja nakipenda sana humo ndani, omentamu. Ukimchinja mbuzi ukampasua unaiona kwanza, ile nyavu ya mafuta iliyofunika matumbo kama shela. Binadamu anayo pia. Imejaa madoa meupe madogo ambayo ni vituo vya makrofeji, na matumbo yanavyosukumasukuma inabebwa huku na kule mpaka inaganda kwenye sehemu iliyoumia. Daktari mmoja wa Uingereza, Rutherford Morison, aliiita polisi wa tumbo miaka zaidi ya mia iliyopita na jina limebaki. Nilipomfungua yule kijana niliikuta imejikunja upande wa kulia chini, nene, nyekundu, imekikumbatia kidole kilichopasuka kama mtu anavyomfunika mtoto na mwili wake. Juu ya matumbo kulikuwa na utando wa njano, ule tunauita fibrini, unatoka kwa vidole laini kama utando wa juu ya uji uliopoa, na huo nao mwili umeuweka makusudi, kubandika tumbo kwa tumbo ili usaha usipite. Usiku ule ulikuwa umezidiwa. Sanamaki, ile dawa ya kuharisha aliyopewa nyumbani, ilikuwa imeshafanya matumbo yachemke, tumbo limekandwa na mafuta mara mbili, alafu masaa ya boti. Mwili unajaribu kugandisha na sisi tunabandua.

Hapo ndo nataka kusema juu ya chango, yale maumivu ya tumbo tunayotibu kienyeji nyumbani. Sidharau, bibi zetu wanajua mengi na maumivu mengi ya tumbo yanaisha yenyewe. Lakini maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia kulia chini, mtu ametapika, hataki hata kutembea wala kukohoa, huyo usimpe haluli, usimpe sanamaki, usimkande. Na usimchome deksa ya dukani, ile ni steroidi, inawanyamazisha hao makrofeji wakati tumbo bado limeoza, anakuja kwetu anatabasamu.

Sasa kwanini baridi na sio homa? Saitokaini zikizidi haziishii tumboni, zinaingia kwenye damu na kila mshipa mwilini unapata ile amri ya kupanuka na kuvuja. Fanya hesabu na mimi: mita 1.7 za mraba za bitana, ikivimba milimita moja tu kote, hiyo ni lita 1.7 za maji zimetoka kwenye damu bila tone kuonekana nje. Ongeza yanayojaa ndani ya utumbo uliosimama. Mtu anakauka huku tumbo linajaa. Moyo unakimbia, presha inashuka, ngozi inanyimwa damu ili ubongo upate, mkojo unapungua unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, mapafu nayo yanaingia maji. Na utumbo wenyewe unapooza. Ukiweka stetoskopu kwenye tumbo lenye afya unasikia mingurumo, ya huyu kijana nilisikiliza dakika mbili sikusikia kitu, kimya kabisa kama nyumba iliyohamwa. Tangu 2016 tafsiri ya sepsisi ndiyo hii, viungo kushindwa kazi kwa sababu mwili umeitikia maambukizi bila mpangilio. Bakteria kaanza, lakini sehemu kubwa ya ubomoaji tunaufanya wenyewe.

Na kuna upande wa pili ambao hata sisi madaktari tulichelewa kuuelewa. Roger Bone wa Marekani, ambaye 1992 aliongoza kazi ya kuweka vigezo vya mwili mzima kuwaka, yaani joto juu ya 38 au chini ya 36, mapigo juu ya 90, pumzi juu ya 20, seli nyeupe juu ya 12,000 au chini ya 4,000, huyo huyo mwaka 1996 akaandika kwamba mwili unaowaka hivyo pia unajizima. Unatoa saitokaini za kutuliza kama IL-10, limfosaiti, seli nyingine za kinga, wanakufa wengi, makrofeji na monosaiti, ndugu zao wa kwenye damu, wanapunguza ile bendera wanayoonyesha wenzao kwamba adui ni huyu. Mara nyingi kuwaka na kuzima vinakwenda pamoja. Ndio maana mtu anapona tumbo wiki ya kwanza, wiki ya pili anakufa na nimonia, au fangasi kwenye damu. Ndugu wanauliza si mlisema anaendelea vizuri? Alikuwa anaendelea vizuri, ila jeshi lilikuwa limeisha.

Miaka ya 90 watafiti walijaribu kuizima TNF kwa wagonjwa wa sepsisi kwa matumaini makubwa na vifo havikupungua kama walivyotarajia. Ajabu ni kwamba dawa za kuzuia hiyo hiyo TNF leo zinawasaidia sana watu wenye ugonjwa wa Crohn, ambao utumbo wao unawaka miaka na miaka bila moto kuwa na kazi. Kwa hiyo maoni yangu, na nitayatetea popote, ni kwamba kwa tumbo lililopasuka dawa kubwa kuliko zote ni kuziba tundu na kuosha, mapema, baada ya maji ya mshipani na antibayotiki ya kwanza. Kila saa tundu likiwa wazi makrofeji wanapigiwa king'ora upya. Na tundu likishazibwa vizuri huna haja ya antibayotiki wiki mbili, utafiti wa Marekani na Canada wa 2015 uliohusisha watu 518 ulionyesha siku nne hivi zinatosha kama siku nane. Najua hili linawakera ndugu wakiona tumesimamisha sindano, naeleza kila mara, sichoki.

Taifodi nayo niiseme haraka manake tunaiona. Wale bakteria wanajificha kwenye vituo vya kinga vya mwisho wa utumbo mwembamba, na kinga inavyokuja kuwapiga pale ndo panavimba, panaoza, na karibu wiki ya tatu panatoboka. Kongosho ni tofauti tena, likiwaka kwa mawe ya nyongo au pombe hakuna bakteria mwanzoni, seli zenyewe zikipasuka vipande vyake vinawashtua makrofeji vile vile, homa ile ile, mapafu yale yale, na antibayotiki hazisaidii kitu siku hizo.

Kuna kipimo cha CRP watu wengi wanaona kwenye karatasi wanaogopa. Ni protini ya ini, ini likipata amri ya IL-6 linaitengeneza, iligunduliwa New York mwaka 1930. Baada ya operesheni lazima ipande siku mbili tatu, usishtuke. Mimi naogopa ikipanda tena baada ya siku ya tatu, hapo nafikiria mshono unavuja au kuna jipu limebaki.

Ila vipimo vyote hivi, wazee na wenye sukari wanavipita bila kuonyesha kitu. Niliwahi kuletewa bibi mmoja, tumbo laini, hana homa, tatizo pekee wajukuu walisema tangu asubuhi anawaita kwa majina ya watu waliokwishakufa. Nikahesabu pumzi, 28. Tumbo lilikuwa na nusu lita ya usaha. Kinga yake haikuwa na nguvu ya kupiga kelele, kwa hiyo alichobaki nacho kuonyesha ni pumzi na akili kuchanganyika. Nyumbani huna CRP lakini una saa, hesabu pumzi dakika nzima akiwa hajui unahesabu, zikifika 22 na tumbo linauma au lilikuwa linauma, shika miguu uone kama imepoa, uliza mara ya mwisho kukojoa lini, msikilize anavyoongea, na utafute boti hapo hapo, usiku usiku.

Yule kijana tulimjaza maji ya mshipani ya Ringer kwanza, thieta usiku huo, kidole kikatolewa, tukaosha mpaka maji yanatoka meupe. Siku ya tano CRP ikapanda, tukamrudisha, jipu lilikuwa limejificha chini ya kiwambo kulia. Mamake alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda, kila asubuhi ananiuliza kama tumbo limesema. Siku ya tisa niliweka stetoskopu, nikangoja, nikasikia mngurumo mmoja mrefu chini ya kitovu, alafu mwingine. Nikavua nikamvalisha mamake masikioni, akainama, akafumba macho, akakaa hivo muda mrefu bila kusema neno.